Shavu la Kulia la Mwanabaraka

Ukitaka ugomvi na Mwanabaraka, iguse singo yake. Siku za kazi anahudumia wagonjwa hospitalini Arlington, Marekani. Siku za mapumziko anawasinga maharusi, anawasugua ngozi kwa singo ya unga wa liwa, karafuu na waridi, kama alivyofundishwa kwao Lamu. Sasa Nusra, binti wa kaka yake aliyemlea mwenyewe, anampigia simu kutoka Houston, harusi yake imebakiza siku arubaini, na maneno gani hayo!

"Shangazi, sitaki singo. Nime-order krimu ya seli za waridi. Zinakuzwa maabara, ndani ya chupa, shamba hata hazilijui!"

"Waridi lisilojua udongo? Lo! Na nani kasema inafaa?"

"Wenyewe wanaoiuza."

"Mwamba ngoma huvutia kwake. Niletee kopo moja. Uso wako ndio unaolewa. Wangu ulishaolewa zamani, acha ujaribiwe."

Basi kila asubuhi akapaka shavu la kulia tu. La kushoto likapata maji matupu. Kila akisogelea kioo alijiuliza: Leo litavimba? Leo litang'aa? Wenzake kazini walimcheka mpaka basi, yeye hana habari. Siku zikapita, wala kipele hakikutokea.

Siku tatu kabla ya harusi akafika Houston, akawakusanya wanawake wote wa nyumba sebuleni. "Haya, semeni! Shavu gani limependeza?" Wakambinyabinya, wakabishana, kelele tupu. Wengi wakachagua la kushoto.

Mwanabaraka alicheka hadi machozi. "La maji hilo! Krimu haikunidhuru, lakini ilichofanya sijakiona." Akafungua mkebe wa singo kwa mbwembwe, chumba kizima kikanukia.

"Na singo, Shangazi," Nusra akauliza, "umewahi kuijaribu kwangu?"

Mwanabaraka akautazama mkebe. Miaka thelathini anasinga watu, hakuwahi kuijaribu kwanza kwa hata mmoja. Akampaka Nusra singo kidogo ndani ya kiwiko kimoja, na krimu ndani ya kile cha pili. Wakangoja hadi kesho yake.

Cha krimu kilikuwa salama. Cha singo kilikuwa chekundu, kimejaa vipele. Ilimuuma Mwanabaraka, jamani! Aliushika mkono wa Nusra: vipele hivyo vingekuwa usoni, tena kwa mikono yake mwenyewe.

"Kumbe mwamba ngoma ni mie!" akasema, akaufunika mkebe.

Jumamosi Nusra aliingia ukumbini uso umeoshwa kwa maji tu, na kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Mwanabaraka.