Transfoma Nzito

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, huchagua transfoma kwa kuipima mkononi, kama watu wanavyopima kuku sokoni. Nzito ndiyo nzuri. Kwa kuwa hutengeneza spika za harusi, mtaa wetu mzima wa Nsemulwa humwita fundi. Mimi simwiti hivyo, na sitamwita.

Mwaka mmoja kideri kiliua kuku wote wa mama mkwe kule Kasansa. Yalibaki mayai tu, akaniletea niyatotoleshe. "Hiyo ndiyo mbegu yangu, mwanangu," aliniambia.

Mashine ya kutotoleshea niliiunda mwenyewe. Taa iliyapa mayai joto, na stepa, mota inayokwenda hatua kwa hatua niliyoing'oa kwenye printa mbovu, iliyageuza. Yasipogeuzwa, kifaranga huganda kwenye ganda na kufa. Transfoma niliyochagua ilikuwa ndogo, ya volti kumi na mbili, na sababu nilikuwa nayo. Bodi ya kuendesha ile mota haikuweza kuvumilia zaidi ya volti ishirini na nne.

"Shemu, haka katageuza nini?" shemeji alisema, akikarusha juu na kukadaka. "Kepesi kama andazi! Mimi ninayo ya amplifaya, ya ishirini na nne. Si ndiyo hiyohiyo unayotaka?"

"Volti hizo zikishapita kwenye daiodi na kapasita zinapanda, zinazidi thelathini. Usiguse, shemeji."

Alicheka. "Nyie wanawake mnaogopa umeme."

Nilikwenda Ikola wiki mbili kufuata dagaa, nikamwachia mume wangu kazi ya kuangalia taa tu. Niliporudi, transfoma ya amplifaya ilikuwa imekaa mahali pa yangu, bodi imeungua nyeusi, na mota imesimama. Taa ilikuwa inawaka vizuri. Mume wangu akasema kaka yake alipita kusaidia. Kusaidia! Niliwachukia wote wawili, na mpaka leo sijamaliza.

Mama mkwe alikuja kuchukua vifaranga vyake. Nilipasua mayai mbele yake, moja baada ya jingine. Kila kifaranga kilikuwa kimekufa, kimeganda upande mmoja. Nikamweleza ukweli wote, shemeji akiwa amekaa hapohapo, kisha nikampa mama ile transfoma ajionee.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akainyanyua, akaishusha, akainyanyua tena.

"Mbona nzito, ina ubaya gani?" akasema, akinitazama mimi, si mwanawe.