Nyota wa kikapu na mashine namba kumi na saba

Saa moja asubuhi, Zadock Oketch tayari ameinama. Pamba imemjaa kichwani, utadhani amezeeka ghafla. Mashine ya kusokota uzi iliyo mbele yake, ndefu kama ukuta wa kanisa, inanguruma bila huruma. Kila uzi unapokatika hana budi kuukimbilia, kuitafuta ncha yake na kuiunga kwa vidole.

Zinakatika tatu. Anaunga moja.

“Polepole, Ngazi,” anaambiwa na Elsie Nabwire, anayejulikana humu kiwandani kama Mama Enos na ambaye anahudumia mashine ya jirani. “Hii si mpira. Ukivuta kwa nguvu inakasirika.”

Ngazi ni jina alilopewa Oketch na mashabiki. Ana urefu wa futi sita na inchi tano, na kwa miaka tisa kimo hicho ndicho kilichomlisha. Mashine, kwa bahati mbaya, ilitengenezewa watu wa kawaida, na sasa kimo kile kile kinamvunja mgongo.

Oketch, 30, alizaliwa Kombewa. Mwaka 1985, wakubwa wa kiwanda kimoja cha nguo mjini Kisumu, ambao wameomba kisitajwe, walimwona akicheza katika mashindano ya vijana wakamwandika kazi. Kazi yenyewe ilikuwa mpira wa kikapu, ligi ya daraja la pili. Lakini kampuni haikuwa na idara ya kikapu, kwa hiyo akahesabiwa kuwa mhudumu wa mashine katika idara ya kusokota.

“Mimi nilidhani ni kuandika tu kwa karatasi,” anasema. “Asubuhi mazoezi, mchana tunakula kantini, maziwa na mayai juu. Mwisho wa mwezi mshahara inaingia. Huko kwa mashine sikuwahi kuingia. Hata mlango sikujua.”

Shilingi 1,900 kwa mwezi na marupurupu ya safari zilimtosha kupanga nyumba Kaloleni na kumwoa Selpha. Alicheza Nakuru, Eldoret, hata Mombasa. Mwaka 1991 timu ilipotwaa kombe la mkoa, king’ora cha kiwanda kililia kwa shangwe, na mkubwa mmoja akamwalika kwake Milimani kula mbuzi. Nani angekumbuka mashine siku kama hiyo?

Kisha mitumba ikafurika sokoni na kiwanda kikaanza kuyumba. Februari mwaka huu wa 1994, timu ilivunjwa. Wachezaji wakaambiwa wakaripoti kila mmoja katika idara yake.

Oketch akaingia ukumbi wa mashine, akamuuliza msimamizi, Bwana Waliaula, mashine yake iko wapi. Alitarajia kuonyeshwa chuma kilichozimwa na kufunikwa turubai. Waliaula akamwonyesha mashine iliyokuwa ikinguruma.

“Namba kumi na saba,” akamwambia. “Uliza huyo mama. Ndiye amekufanyia kazi tangu uandikwe.”

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa kuwa nafasi ya Oketch ilikuwa na mtu, hakuna mwingine aliyeweza kuajiriwa. Mashine nayo haikusimama kumngoja afunge vikapu. Mama Enos akaongezewa hiyo juu ya yake, kwa mshahara ule ule.

“Yawa!” anasema Oketch. “Nilikaa chini kwa gunia ya pamba. Miaka tisa mashabiki wananibeba juu, kumbe kuna mtu amebebeshwa mimi!”

Alidhani ameyasikia yote. Akamuuliza mama huyo kwa nini hakuwahi kumwambia, na hapo ndipo akasikia habari za mwaka 1989. Mama yake Nabwire alifariki Busia. Nabwire aliomba wiki moja akazike. Akapewa siku mbili, kwa sababu mashine mbili zingeachiwa nani? Alizika, akageuka akarudi kazini na udongo wa kaburini ungali kwenye viatu.

“Nilikuwa nakuchukia, nisikufiche,” Mama Enos alimwambia. “Siku ya hiyo kombe, king’ora ililia, watu wote wakatoka nje kucheza. Mimi nikabaki hapa. Nikasema, hawa watu wamenikanyaga tena.”

Hata leo, akisimulia, Oketch anashika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa habari hizo sasa hivi.

Alipewa miezi mitatu ajifunze kazi. Ijumaa ijayo atapimwa. Akishindwa atafutwa, na namba kumi na saba itamrudia Mama Enos. Ndiyo maana mama huyo anamfundisha bila kumwonea haya.

“Kidole yako ni kubwa lakini ina akili,” anamwambia. “Shida ni wewe kuangalia saa.”

Jioni, Selpha humkanda mgongo kwa maji moto, na Oketch huendelea kuunga nyuzi hewani bila kujua.

Wiki hii alimfuata Waliaula na ombi moja: akifaulu mtihani wa Ijumaa, Mama Enos apewe likizo ya mwezi mzima, aende Busia akamlilie mama yake jinsi inavyopasa.

“Alicheka,” anasema Oketch. “Akaniuliza, ‘Na hizo mashine mbili nimwachie nani?’ Nikamwambia, mimi. Nitashika zote. Nataka nijue huyu mama alikuwa anabeba nini.”

Mama Enos, alipoulizwa kama haogopi kumwachia mashine zake likizo ikikubaliwa, alijifunga leso vizuri kichwani kwanza.

“Ataanguka kabla ya chai ya saa nne,” alisema. “Akianguka, watamwokota. Mimi nitakuwa Busia.”