Ukuta Ambao Hakuna Aliyeuonja

Kilichoninyima usingizi wiki nzima ni swali ambalo sikuthubutu kumuuliza mtu: nikibandika tailizi juu ya doa lile, nitakuwa nimelificha, au nitakuwa nimemfungia baba ndani ya ukuta?

Doa lilikuwa chumbani kwa wazazi wangu, nyumbani kwetu Mtoni. Baba alikuwa akikaa pale kila jioni, mkekani, ameegemea mto mkubwa, redio pajani. Hata asipokuwepo, mto ule haukuondolewa. Siku tatu baada ya mazishi tulipouondoa ili tuufue, tulikuta nyuma yake umbo la kijivu lenye mabega mawili na mgongo mpana, limezungukwa na ukungu mweupe wa chumvi. Lipu ilikuwa imevimba. Ukiigusa tu, inamwagika kama unga.

Mama alikuwa katika eda ya baba. Miezi minne na siku kumi asingeweza kulala nje ya nyumba ile, na chumba chao alikataa kukiacha, na kifua chake cha pumu kilikuwa kikilivuta vumbi lile kila usiku. Mjomba, kaka yake, alikuja kutoka Segerea, akasikiliza kikohozi chake akiwa amesimama mlangoni, kisha akaniita uani.

"Eda ikiisha, ukuta ule ukiwa bado unamwaga vumbi, namchukua dada yangu," alisema. "Kwangu kukavu."

Mama aliposikia alisema neno moja tu. "Humu nitatoka nimebebwa, kama mwenzangu."

Zilibaki wiki saba. Mimi ndiye mtoto pekee, ndiye msomi wa nyumba, na mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuambiwa "wewe utajua la kufanya". Nilianza na kosa: nilinunua rangi. Nilipaka mara mbili mama akiwa sebuleni. Siku ya tisa mabega yalikuwa yamerudi, meusi zaidi ya mwanzo. Nikachora mstari wa penseli juu yake. Nilijua kabisa kwamba unyevu hupanda ukutani. Hayo yana maelezo. Lakini Ijumaa iliyofuata doa lilikuwa limeuvuka mstari kwa upana wa kidole, na juu ya mabega palikuwa pameanza kuota kitu kama shingo.

Mama alinikuta nimechuchumaa na penseli.

"Unampima?"

"Napima unyevu, mama."

"Ndicho nilichokuuliza. Unampima?"

Kesho yake nilibandua kipande cha lipu, nikakitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaanza kuzunguka madukani. Nilifika hadi Mikocheni, kwenye duka la vioo lenye baridi, ambako kijana wa mauzo alinionyesha tailizi nyeupe zenye maua ya kijivu.

"Hizi ukibandika, dada, umesahau," alisema. "Hutakumbuka hata kulikuwa na nini nyuma."

Alidhani ananishawishi. Nilitoka na vipande viwili vya sampuli. Mama, ambaye asingeweza kwenda dukani kuchagua, alivigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mie nipo eda, hata wanja sipaki. We unataka ukuta ujirembe?"

Tulicheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akaanza kukohoa, na kicheko kikaishia hapo.

Aliyenitoa kwenye mzunguko alikuwa mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Temeke. Niliweka mfuko wangu juu ya meza yake.

"Hee! Sista, umeniletea unga wa ugali?"

"Ni ukuta wa nyumbani."

Alichukua chembe, akaisaga kwa vidole. "Sikia. Hapa dukani nina dawa za kuzuia maji aina tano, na zote nataka kuziuza. Lakini hakuna dawa inayogeuza mchanga mbovu kuwa mzuri. Aliyejenga yu hai?"

"Fundi yupo."

"Basi mfuate yeye kwanza. Usije kwangu mpaka ujue ukuta una nini."

Fundi alikuwa mzee wa mtaa wa pili, rafiki wa baba tangu ujana. Alipokuja, mama alihamia chumba changu na kushusha pazia la mlango, kwa kuwa fundi hakuwa maharimu yake, ndugu asiyeweza kumwoa. Wakaamkiana bila kuonana. Fundi akaingia chumbani, akasimama mbele ya doa muda mrefu, midomo ikitikisika. Kisha akalowesha kidole, akakipitisha ukutani, akakitia ulimini na kutema dirishani.

"Ile ile," alisema.

"Ile ile nini, babu?"

Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Chumvi. Mchanga unaonjwa, mjukuu wangu. Lori likija, kabla halijamwaga, unaonja. Ukiwa na chumvi unalirudisha. Sasa lori la lipu ya chumba hiki lilikuja mchana wa Ramadhani. Dereva kaapa ni mchanga wa mto, si wa pwani. Mie nimefunga, baba yako kafunga, vibarua wamefunga. Nikasema tusubiri magharibi. Baba yako akasema mke wangu siku zake za kujifungua zimefika, siwezi kusubiri hata saa moja. Tukamwaga, tukaanza kupiga lipu."

"Kwa hiyo hamkujua."

Fundi alitazama sakafu. "Mie sikujua. Baada ya kufuturu nilirudi kuchukua beleshi langu. Nikamkuta baba yako kwenye rundo, peke yake. Nikamwona anatema. Asubuhi akaniambia, tuendelee."

Niliutazama mto mkubwa uliokuwa kona. Miaka yote ile nilidhani baba alipenda kukaa pale kwa sababu ya upepo wa dirisha. Kumbe alikuwa analiziba doa. Kila jioni alikuwa akiweka mgongo wake juu ya jambo alilolijua, ili sisi tusilione. Na siku aliyokuwa akiiharakia ilikuwa siku ya kuzaliwa kwangu.

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia.

"Fundi, usimtwishe mtoto. Mie ndiye niliyesema sizalii nyumba ya kupanga."

"Ulijua, shemeji?"

"Nalala na mtu, nisijue anachokificha?"

Fundi akajipangusa uso. Nikamuuliza kuhusu tailizi. Akatikisa kichwa: chumvi itazisukuma, moja moja, na zitakuja kumwangukia mama kitandani. Dawa ni kubomoa lipu yote hadi kwenye tofali, kupasugua, kupaacha pakauke, na kupiga lipu mpya yenye dawa ya maji na mchanga safi.

"Na doa?"

"Doa litaondoka na lipu."

Siku mbili nzima nilitafuta sababu ya kutofanya hivyo, nikazipata nyingi. Siku ya tatu usiku mama alikohoa mpaka akaketi, na mkono wake, akitafuta pa kujishikilia, ukatua juu ya umbo lile. Vumbi likamwagika begani mwake.

Alfajiri nilimfuata fundi tukaenda yanaposimama malori ya mchanga. Alikataa kunionjea. "Ulimi wangu umezeeka," alisema, lakini nilijua si hilo. Lori la kwanza lilikuwa na chumvi. La pili nilionja mara tatu, nikasitasita, na dereva akanicheka: "Dada, si pilau hiyo!" Nikaliacha. La tatu halikuwa na ladha yoyote, ila mawe na maji yaliyokwisha kupita. Nikatema.

"Hili," nilisema. Ni mara chache nasema neno hilo bila kuongeza "au".

Adhuhuri mchanga ulikuwa umemwagwa uani. Mama alikuwa nyuma ya pazia la chumba changu. Fundi alinipa nyundo na patasi, akarudi nyuma hatua moja.

Nikasema bismillahi, nikaweka patasi juu ya mstari wa penseli, kwenye shingo, nikapiga.