Mpiganaji Asiye na Mwalimu

Mpaka leo nikiiona ile fomu damu hunichemka, na fomu yenyewe niliichora mimi kwa rula na penseli.

Ni fomu ya mchezo. Rafiki yangu mmoja, mtu wa bara anayehudumia meza katika hoteli moja ya Diani, alipewa kitabu ambacho mgeni alikiacha chini ya kiti na hakurudi kukiulizia. Kilikuwa kitabu cha kanuni. Mnakaa wawili au zaidi, kila mmoja anajiundia mpiganaji wake kwenye karatasi, kisha hadithi inaendeshwa kwa mdomo, na dadu ndiyo huamua nani kapiga na nani kakosa. Kabla ya yote hayo lazima umuumbe mtu wako. Unapewa pointi ishirini uzigawe mwenyewe, kiasi hiki cha nguvu, kiasi hiki cha wepesi. Unachagua alikofunzwa, pigo lake la siri, na kasoro yake moja, maana kitabu hakikubali mtu aliyekamilika.

Tulicheza hivyo miezi miwili nikachoka. Mabingwa wote wa kitabu walishuka kutoka milima yenye theluji, na theluji mimi sijaiona ila kwenye friji. Nikamwambia rafiki yangu nitaandika kanuni zetu. Mpiganaji atakuwa wa huku kwetu, na silaha yake fimbo.

Fimbo naijua. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mwalimu wa kirumbizi kule Mkwiro. Kirumbizi ni mchezo wa fimbo wa arusini. Ngoma inapigwa, watu wanafanya duara, wawili wanaingia kati kushambuliana na kukingana, na anayechoka humpa mwingine fimbo. Asiyejua huona ngoma tu. Anayejua huona mapigo saba, na kila pigo lina mguu wake. Mjomba alifundisha uani kwake baada ya alasiri. Mimi nililelewa kwake, na kazi yangu ilikuwa kuwapelekea wanafunzi chai na mahamri. Miaka tisa nilibeba sinia lile. Nikishalitua nilikuwa najibanza nyuma ya ua wa makuti nikiangalia miguu, kisha naingia jikoni narudia kwa mwiko. Nilipofika miaka kumi na minne nilimwomba anifundishe na mimi. Hakukasirika. Alicheka, akaniambia chai imepoa.

Afadhali angenipiga kofi.

Iko desturi. Mwanafunzi akishakamilika husomewa Fatiha, na mwalimu humkabidhi fimbo kwa mikono miwili mbele za watu. Hiyo ndiyo radhi yake. Kuanzia hapo akiulizwa arusini nani kamfunza, ana haki ya kulitaja jina la mwalimu. Asiyekabidhiwa hatamki jina la mtu hata awe hodari vipi, na akitamka huhesabiwa mwizi. Vijana wale wote walikabidhiwa, hata yule aliyekuwa akijipiga kisigino chake mwenyewe. Leo hakuna hata mmoja anayefundisha. Wengine wako Uarabuni, wengine wanabeba mabegi ya wageni, mmoja ana duka la vipuri na kitambi. Mjomba ana sukari, mkono wa kulia unamtetemeka, na mapigo saba yamebaki kichwani mwake na kichwani mwangu. Kwingine sijui. Akienda yeye bila kunikabidhi, nitabaki na kitu nisichoruhusiwa kusema nimekipata wapi.

Kwa hiyo nilipoandika kanuni niliiingiza desturi ile nzima nzima. Juu kabisa ya fomu niliandika neno Mwalimu na kuacha nafasi ya jina. Mpiganaji asiye na mwalimu huanza bila radhi, yaani sifuri, na bila radhi pigo la saba halitumiki, hata dadu iangukie sita mara tatu mfululizo. Adabu nayo ina pointi zake, na anayeingia duarani bila kusalimu hukatwa mbili. Nguvu niliibana makusudi, maana nimeshaona wenye nguvu wengi wakilazwa chini na mzee mwembamba. Kasoro nilimwachia kila mtu ajichagulie. Yangu niliandika hasira. Rafiki yangu akasema hiyo si kasoro, hiyo ni picha ya kitambulisho.

Kwenye nafasi ya mwalimu wa mpiganaji wangu nikaandika jina la mjomba. Ningependa kusema niliandika bila kufikiri, lakini nilifikiri sana.

Wakati huo mjomba nilikuwa nimeshamhamishia kwangu Bongwe ili awe karibu na hospitali. Jumapili moja alitoka chumbani baada ya kuswali alasiri, akatukuta barazani na makaratasi yetu. Rafiki yangu alimwamkia shikamoo vizuri, akaitikiwa, akampisha kiti. Mjomba akavaa miwani, akauliza tunafanya nini. Rafiki yangu hakujua lolote kuhusu desturi zetu. Alidhani atamfurahisha mzee, akachukua fomu yangu na kumwonyesha jina lake.

Mjomba aliisoma polepole, kisha akaniangalia juu ya miwani.

“Mwanangu, mimi fimbo nimekukabidhi lini?”

Nikamjibu kwamba ni mchezo tu. Nilijichukia papo hapo, kwa kuwa haikuwa kweli. Akasema mchezo ni wangu lakini jina ni lake, na watu wakiiona karatasi ile watasema amefundisha mwanamke. Alilitamka neno mwanamke kana kwamba si mwanamke aliyemchoma sindano ya sukari asubuhi ile, akamfulia kanzu aliyoivaa, akampikia uji usiotiwa sukari ambao aliulalamikia mpaka ukaisha.

“Futa,” akasema.

Nikafuta. Nilifuta kwa nguvu hata karatasi ikachanika kidogo. Na kwa kanuni zangu mwenyewe, mpiganaji wangu akapoteza mwalimu, radhi na pigo la saba kwa mkupuo mmoja. Rafiki yangu alitaka kuniokoa.

“Lakini hizo sheria si ni wewe uliandika? Badilisha tu, kwani iko nini?”

Nikamwambia sibadilishi. Ningebadilisha ili kujinusuru, basi mjomba angekuwa na haki ya kuniona nachezea vitu vya watu.

Nilidhani mjomba ataondoka. Hakuondoka. Alivuta karatasi nyingine, ile nilimoeleza mapigo moja baada ya jingine, akaanza kuisoma kwa kidole. Kidole kilitetemeka, lakini kilikwenda mstari kwa mstari. Kikasimama.

“Hili la nne umelikosea. Mguu unaotangulia ni wa kushoto. Ukitanguliza wa kulia utavunjwa goti.”

Akainuka, akachukua ufagio uliokuwa umeegemea ukutani, akaonyesha. Mkono ulimtetemeka vilevile, ila mguu ulitua pale pale unapotakiwa. Nikaona mara moja kwamba amesema kweli, na nikaona pia kwa nini nilikosea. Kutoka pale nyuma ya ua, mwanafunzi wa mwisho alikuwa akinizibia, na mguu wa kushoto wa mjomba sikuwahi kuuona. Miaka zaidi ya ishirini nimekuwa nikilipiga pigo lile vibaya, jikoni, peke yangu, nikijiona najua. Kosa lile si langu. Ningekuwa ndani ya uwanja ule siku moja tu, nisingelifanya.

“Kama mimi si mwanafunzi wako, mjomba, unanisahihisha kwa nini?”

Sikuinamisha macho kama nilivyofunzwa kufanya mbele ya wakubwa. Aliurudisha ufagio ukutani, akasema anakwenda kujitayarisha kwa magharibi. Magharibi ilikuwa bado mbali. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nikalisahihisha pigo la nne. Kisha nikaichukua karatasi ya kanuni, na chini ya ile kanuni ya mwalimu nikaongeza nyingine: aliyekusahihisha pigo amekufundisha, na jina lake litaandikwa, apende asipende. Nikaweka penseli kando, nikamwomba rafiki yangu kalamu ya wino anayoandikia oda za wageni, nikaliandika jina la mjomba juu ya pale palipochanika.

Rafiki yangu akauliza kwenye radhi niandike ngapi, sasa kwa kuwa mwalimu nimempata.

Nikaandika sifuri. Jina niliweza kulichukua, lakini radhi hutolewa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa chumbani. Mpiganaji wangu anacheza hivyo mpaka leo, kwa mapigo sita.