Mbwa wa Majivu

Nadine Echeverry alipostaafu kuendesha basi la shule, alidhani mbwa mwenye pua kali ni mbwa mwenye pua kali, basi. Akampeleka Pretzel, jike lake jeusi na jeupe lisilotulia hata usingizini, kwenye kikundi cha kujitolea cha pale milimani, kaskazini mwa California. Alitaka afundishwe kutafuta watu.

"Watu gani?" aliuliza mkufunzi, Maxine Olguin. "Wazima au waliokufa?"

Nadine hakuwa amefikiria hilo. Maxine akamkalisha kitako. Yuko mbwa wa nyayo, anayemfuata mtu mmoja tu aliyepotea. Yuko wa kunusa upepo, ambaye humtafuta yeyote aliye hai porini. Kisha wako wa mabaki ya binadamu, na hapo Maxine hakutaka kabisa kusikia neno mbwa wa maiti, kwa sababu jino moja si maiti, wala damu iliyokaukia kitambaani si maiti. Hata hao wamegawana kazi: wa majini, wa vifusi, wa makaburi ya kale.

"Daktari wa meno hakupasui moyo, mwenzangu," alimaliza.

Pretzel alijaribiwa karibu kila kazi akashindwa karibu kila kazi. Kwenye nyayo alimfuata kindi. Majini aliruka kutoka mashuani akaondoka na kofia ya Maxine. Nadine alikuwa akirudi nyumbani anacheka hadi machozi, mumewe asijue ampe pole au hongera.

Ikabaki kazi moja. Maxine alikuwa na majivu ya mjomba wake, mzee aliyeusia kwamba akichomwa atumike kufundishia mbwa. Akachanganya kijiko kimoja na majivu ya jiko, kwenye ndoo moja kati ya tano. Pretzel alipita mbio, akageuka ghafla, akalala kifudifudi mbele ya ndoo ya tatu, kimya kama aliyemwagiwa maji. Walizibadilisha ndoo mara saba. Mara zote saba alimpata mjomba.

Mwishoni mwa kiangazi kile moto ukateketeza mtaa mzima chini ya bonde. Wendell Pruitt, mzee wa miaka sabini na minane, aliomba msaada: majivu ya mkewe, Arlette, yalikuwa juu ya meko ya sebuleni, na sasa nyumba yenyewe ilikuwa majivu. Alisimama barabarani kashika sanduku jipya la mbao, hathubutu kukanyaga.

Haikupita dakika nne, Pretzel alikuwa amelala chini ya bomba la moshi. Maxine akafukua kwa mwiko, akakuta rundo jeupe kuliko mengine, na ndani yake kile kibati kidogo chenye namba ambacho watu wa tanuri la kuchomea maiti humwekea kila marehemu. Namba ilikuwa ya Arlette. Wendell akalikumbatia sanduku akalia, na Nadine akalia naye, mbwa akiwalamba wote wawili.

Lakini alipofunguliwa tena, Pretzel alikwenda moja kwa moja hadi ilipokuwa gereji, akalala. Nadine aliona haya, akamwita. Hakuinuka. Wakafukua. Rundo jingine, kibati kingine. Maxine akapiga simu kwa watu wa tanuri, akasikiliza, akauliza polepole, "Mzee, unamfahamu Gladiola Tisdale?"

Wendell alikipokea kibati, akakisogeza karibu na macho.

"Mama mkwe huyo," alisema. "Arlette aliniambia majivu yake kayamwaga baharini. Miaka kumi na tisa!"

"Alikuwa wapi hapa?" Nadine aliuliza.

"Hapo ndipo ilipokuwa rafu ya makopo ya rangi. Yule mama alisema hataishi chini ya paa langu hata siku moja." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye masizi, na Maxine, ambaye kazini hacheki, akalazimika kugeukia barabara mabega yakimtikisika.

Sanduku lilikuwa moja. Wendell alifikiri kidogo, akaomba wamtafutie la pili la mama mkwe, kubwa zaidi. Nadine akakimbilia garini na kurudi na kopo la biskuti za Pretzel. Akazimwaga zote chini, na mbwa akazishambulia kabla mtu hajabadili mawazo.