Simu ya Mkono Mmoja

Makarius alikuwa mpiga picha wa harusi na kipaimara pale Magomeni, Kilosa, mpaka siku mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga ulipomnasa mkono wa kushoto. Mashine haikuwa yake. Alikwenda tu kumsaidia jirani kuiwasha. Alirudi kutoka hospitali akiwa na mkono mmoja, na ile kamera yake kubwa, inayotaka mkono wa kushika na mkono wa kuzungusha lenzi, akaifunga kwenye kanga ya mama yake na kuiweka juu ya kabati.

Alijaribu kurekodi kwa simu. Simu yake ilikuwa pana, kidole gumba hakifiki upande wa pili wa kioo. Akinyoosha kidole abonyeze, inateleza na kuanguka. Mwishowe akaacha, akawa anauza vocha na soda barazani, na watu wenye sherehe wakazoea kupita mlangoni kwake bila kusimama.

Mdogo wake, Happyness, anafanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni Mikumi. Siku moja alimwona mgeni amembeba mtoto mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anapiga picha za nyani kwa kasimu kadogo ka Android. Akamwomba amwandikie jina la simu ile. Ilikuwa toleo la juu kabisa, bei yake haishikiki, lakini hakukata tamaa mpaka akaipata iliyotumika huko Morogoro mjini.

"Kaka, hebu ishike," alimwambia.

Makarius akaishika. Kidole gumba kikafika kona zote. "Inaenea," akasema, kisha akageukia ukutani ili mdogo wake asimwone uso.

Simu ilikuwa na nguvu kweli. Picha za jioni zilitoka safi, video haikutikisika hata akitembea. Ila umbo dogo lilikuja na betri ndogo: akirekodi mfululizo, simu inapata moto na chaji inaporomoka. Fundi simu wa stendi naye alimwonya mapema. "Broo, kioo cha hii kikipasuka usije kwangu. Spea zake ni mpaka Dar, na huko Dar kwenyewe uzitafute."

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Malolo, harusi ya Paulina, binti wa mzee Nyanda, mfugaji aliyehamia huko na familia yake kutoka Shinyanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kamera iko wapi?"

Makarius akaitoa simu mfukoni.

"Kiberiti hiki? Mwanangu ataolewa mara moja tu, kijana."

"Usiporidhika, mzee, nitakaa pembeni nile pilau kama wageni wengine."

Akaanza kazi. Zamani, kila alipoinua kamera kubwa, watu walinyooka na kununa kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Safari hii hakuna aliyemjali. Alipenya katikati ya wachezaji, akapita chini ya mikono ya wapiga ngoma, na watu wakaendelea kucheka vicheko vyao vya kweli.

Mchana mzee akataka kuona. Akaisogeza simu karibu, akaipeleka mbali, akavaa miwani. "Mimi naona sisimizi wanacheza ngoma," akasema, na waliomzunguka wakaangua kicheko. Makarius naye alicheka, lakini jicho lake lilikuwa kwenye chaji. Ilikuwa inakaribia kwisha, pawabenki aliyoazima ilishakauka, na bibi harusi alikuwa bado hajaondoka.

Soketi ya sola ilikuwa moja tu, chumbani kwa bibi Marciana, mama yake mzee Nyanda, ambaye miguu ilishamkataa. Waya wa chaji ulikuwa mfupi. Makarius akaichomeka simu, akamfuata mzee.

"Mzee, simu haiwezi kutoka chumbani kwa bibi. Naomba bibi harusi apite humo kabla ya kupanda gari."

"Waliagana asubuhi. Mama saa hizi amelala."

"Hajalala, mzee. Yuko macho kitandani, pale dirishani, anasikiliza ngoma."

Mzee Nyanda akaenda mwenyewe kumwita binti yake.

Paulina aliingia na shela lake likajaza chumba. Akapiga magoti kando ya kitanda. Bibi akamshika mashavu, akamwambia maneno kwa Kisukuma, halafu akaanza kuimba kwa sauti ndogo ya kukwaruza. Wanawake waliokuwa nje wakaudaka wimbo kupitia dirishani. Makarius alikuwa amechuchumaa, waya umenyooka mpaka mwisho, mkono wake mmoja haujatikisika.

Juma lililofuata akawapelekea video kwenye flashi. Bibi akabebwa mpaka sebuleni, mbele ya runinga. Ilipofika sehemu ya wimbo, mzee Nyanda akavua miwani akaifuta, akaomba irudiwe.

"Kwaya ya kanisa letu kule Mikumi inatafuta mtu wa kuwarekodi," akasema baadaye. "Nimewaambia unakuja."

"Mzee, simu yenyewe inaishiwa chaji mapema."

"Hilo nalo nimewaambia. Wamesema watapumzika inapochaji."

Jumamosi Happyness alimpokea kituoni Mikumi, wakaenda pamoja hadi kanisani. Waimbaji walikuwa wamevaa majoho, wanasukumana kutafuta nafasi.

"Jamani tulieni," mwalimu wa kwaya akawaambia, "mpiga picha amefika."

Makarius akawaomba walio warefu warudi nyuma.