Niliwapeleka mapacha wangu kliniki kupima uzito tu, nesi akaona kitu ambacho sie wazazi hatukukiona miezi tisa

Wakuu, habari za humu ndani. Walionizidi umri shikamooni, wadogo zangu marahaba kabla hamjasalimia.

Mie ni msomaji tu, huwa sianzishi uzi. Ila juzi nimeona mnachekana humu kuhusu kinababa wanaopeleka watoto kliniki, nikasema ngoja leo na mie niandike. Sitaongeza chumvi. Wahusika wapo hai, na mmoja wao ndo kanifundisha kutumia hii simu.

Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwaga naishi Chang'ombe, nafanya kazi kiwanda cha nguo. Wa rika langu mnakumbuka hali ilivyokuwa. Viwanda vinauzwa, watu wanapunguzwa. Asubuhi moja nikakuta jina langu kwenye karatasi iliyobandikwa getini. Nikarudi nyumbani na bakuli langu la chakula halijafunguliwa.

Mke wangu, mama Kulwa, Mzaramo wa Pugu, hakulia wala hakunilaumu. Akaingia kwenye mitumba. Yeye anatoka alfajiri kwenda kuuza nguo, mie nabaki na watoto.

Watoto wenyewe mapacha, wasichana. Mie Msukuma, kwetu aliyetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, hakuna kuumiza kichwa kutafuta majina.

Kulwa alikuwa bonge la mtoto. Mashavu hayo! Mtulivu, halii ovyo, hata mvua ipige bati vipi yeye kalala. Majirani wanamgombania kumbeba.

Doto sasa. Mwembamba, mafua hayaishi, kitu kidogo kashtuka. Wasiwasi wetu wote ulikuwa kwa Doto. Mke wangu alikuwa anaamka kumsikiliza kama anapumua.

Wakafikisha miezi tisa, siku ya chanjo ya surua. Mama Kulwa akaniambia, "Baba Kulwa, leo utaenda wewe. Wanafungua belo jipya la nguo, nikichelewa naambulia matambara."

"Niende mie? Kule si wanawake watupu?"

"Kwani watakula?"

Akanifunga Doto mgongoni kwa kanga, Kulwa nikambeba kifuani, nikatoka. Wakuu, mtaa mzima ulicheka. Kuna fundi baiskeli aliacha kazi akasimama kabisa aniangalie vizuri.

Kliniki ilikuwa zahanati ya kawaida, jina silitaji. Benchi refu ukumbini, kina mama wamejaa, mizani imening'inizwa kwenye boriti. Wale kina mama walinipokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Mmoja akanisogezea nafasi, mwingine akanisaidia kumshusha Doto.

Nesi wa zamu alikuwa mama mmoja mtu mzima, mfupi, kavaa miwani iliyofungwa uzi. Wanamwita Bi Zuhura. Haongei sana. Anapima watoto huku anatazama tazama watu.

Tukakaa kama masaa mawili. Mara mlango unabamizwa, mara mtu anaangusha ndoo, mara jina linaitwa. Mie nipo tu na wanangu wawili mapajani, wamegeukiana.

Ikafika zamu yetu. Kulwa uzito safi, njia ya kijani kwenye kadi. Doto naye kwenye kijani ila kwa kubahatisha. Wakachomwa sindano, Doto akapiga kelele, Kulwa akamtazama mwenzie halafu na yeye akaanza.

Nikasema moyoni, kazi imeisha. Nikaanza kukunja kanga.

Bi Zuhura akaniambia, "Baba, usiondoke. Kaa hapo pembeni nimalize foleni, nataka kumwangalia mtoto."

Nikamwambia, "Ni huyu Doto eh? Mafua hayo anayo muda mrefu."

"Doto mzima. Namtaka huyu mnene."

Wakuu, nilikasirika. Huyu mnene ana nini? Nimepunguzwa kazi, mtu pekee aliyenona nyumbani kwangu ni huyu mtoto, na wewe unamtafutia ugonjwa?

Lakini nikakaa.

Foleni ilipoisha akatuingiza chumba cha ndani. Akampa Doto nesi msichana, akamwambia ampeleke nje kabisa, mbali. Mie nikaambiwa nikae na Kulwa mapajani, atazame mbele. Msaidizi mwingine akachuchumaa mbele yetu anamchezea mtoto kwa kitambaa.

Bi Zuhura akazunguka nyuma yetu. Akachukua kikombe cha bati na kijiko.

Akagonga.

Mie nilishtuka. Kulwa anatazama kitambaa.

Akagonga tena kwa nguvu, upande wa kulia. Kisha kushoto. Kulwa anacheka na kitambaa chake, hana habari.

Nikasema, "Mama, kazama kwenye mchezo. Mwanangu anasikia. Nikimwita nyumbani anageuka."

"Haya, mwite."

Nikamkalisha kwenye benchi la pale chumbani, nikaenda nyuma yake. Nikaita, "Kulwa!" Nikaita tena. Nikapiga na makofi. Sauti yangu mwenyewe ikaanza kunitisha mle ndani.

Mtoto anakula kona ya kitambaa.

Bi Zuhura akaenda mlangoni, akaagiza Doto arudishwe. Akawakalisha wakitazamana, akarudi nyuma ya Kulwa na kikombe chake. Akagonga mara moja, taratibu tu.

Doto akainua macho kutazama sauti inapotoka.

Na Kulwa, hapo hapo, akageuka nyuma.

Akarudia. Doto macho, Kulwa shingo. Akaenda upande mwingine, ikawa vile vile. Kulwa alikuwa hasikii kitu. Alikuwa anasoma uso wa mwenzie. Miezi tisa! Hajui kutembea, hajui kusema mama, lakini kashagundua kwamba dunia ina jambo ambalo mwenzie analipata na yeye halipati, na kapata njia ya kulifikia.

Yule nesi msichana akasema "Subhanallah" akakaa chini.

Nikamuuliza Bi Zuhura kajuaje. Akasema, "Pale kwenye benchi. Kila ndoo ikianguka, huyu anamtazama mwenzie kwanza ndo anageuka. Kila mara. Mie nina miaka mingi hapa, sijawahi kuona."

Akaniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Na akaniambia, "Usimsikitikie. Ukisema naye kaa mbele ya uso wake. Na hawa usiwatenganishe kwanza."

Ngoja ninywe maji kidogo.

Mama Kulwa aliporudi hakuniamini. Alisema nesi kazeeka. Nikamkabidhi Doto kwa jirani, tukabaki na Kulwa kwenye mkeka. Mama yake akakaa nyuma yake akaita kwa sauti ile ile ya kila siku, "Kulwa wa mama, Kulwa wa mama."

Aliita mpaka sauti ikakauka. Halafu akazunguka mbele, na mtoto alipomwona akamnyooshea mikono akicheka. Mke wangu akamkumbatia, akalia kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Hospitali wakathibitisha. Sababu hawakuijua, dawa haikuwepo.

Lakini kilichotushangaza zaidi ni Doto. Alipokaribia mwaka, mama yao akiita, Doto anamvuta Kulwa gauni kwanza ndo wanakuja wote. Nani kamfundisha? Hakuna. Wakaanza kuongea kwa mikono yao, lugha ya humo humo ndani, na sie tukajifunza kwao kama wanafunzi.

Kulwa alisoma shule ya viziwi, ya bweni. Wiki ya kwanza Doto hakula. Leo Kulwa ni mwalimu wa watoto viziwi, ana mume na mtoto mmoja. Doto ana duka la vipuri vya pikipiki.

Mwaka jana nilimuuliza Doto, "Hivi mwanangu, ulijua lini kwamba dada yako hasikii?"

Akanijibu, "Baba, nilijua nilipoanza darasa la kwanza. Kabla ya hapo nilidhani watu wote wanazaliwa wawili, mmoja wa kusikia na mmoja wa kuambiwa. Nikawa nawaonea huruma wale waliokuja peke yao."



Nilichojifunza: mpeleke mtoto kliniki hata kama amenona na halii. Na ukiwa na mapacha, kila mmoja mwangalie akiwa peke yake. Kinababa, bebeni watoto, waacheni mafundi baiskeli wacheke.

Mwenye mapacha, au aliyezaliwa pacha, naomba aniambie: kwenu nani alikuwa anamwambia mwenzie? Nipo hapa nasoma.